Miaka mizuri ndo ilitumaliza huku Nakasongola

Kila kiangazi kikikaza huku kwetu Nakasongola, Uganda, redio zote zinaimba kitu kimoja, ukame, ukame, tabianchi imebadilika, ng'ombe wanakufa, serikali ilete maji. Sibishi kwamba mvua imekuwa kigeugeu, nani atabisha, msimu wa Machi unaweza kuingia katikati ya Aprili na ukakatika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Lakini nimekaa na hii ardhi muda wa kutosha kuona kwamba kiangazi kinatukuta tumeshajimaliza wenyewe, na wala hatukujimaliza mwaka wa njaa. Tulijimaliza miaka ile mambo yako sawa, makaa yana bei, mahindi yana bei, mvua inanyesha na kila mtu anacheka. Hilo ndo nataka kulieleza hapa, na nitazunguka mpaka Marekani na Kenya kabla sijarudi, mnivumilie.

Mimi ni mtoto wa kambi. Mzee wangu alikuwa jeshini, tumekulia kota za Bombo na kwingineko, ndo maana nyumbani kwetu ni Kiswahili wakati majirani wengi wanaongea Kiruuli na Kiganda. Alipostaafu akachukua pesa yake ya mkupuo akanunua ardhi Nakasongola, ukitoka Luweero unafuata barabara ya Gulu kama unaelekea daraja la Kafu, alafu unakata kuingia ndani. Jirani yake akawa mzee mmoja Mhima, mfugaji, naye aliwahi kuvaa gwanda tangu vita vya msituni miaka ya 1980, kwa hiyo hawa wawili wakawa wanaongea Kiswahili chao cha jeshi na kuitana afande mpaka Mzee wangu alipofariki. Mimi ndo nikabaki na shamba, ndugu zangu wako mjini wanauliza tu kwa simu kama kuna kitu kimepatikana.

Tulipokuwa tunakwenda kule likizo, kipindi cha mvua nyasi zilifika kiunoni. Katikati ya nyasi kuna miti imetawanyika, migunga, milama, mikwaju, sio msitu lakini pia sio uwanja. Ni sehemu ya ule ukanda wa mifugo unaoikata Uganda kwa mshazari, unaanzia Isingiro na Ntungamo huko kusini magharibi, unapita Kiruhura, Lyantonde, Sembabule, unakuja kwetu, unaendelea Teso mpaka Karamoja. Mtu wa Kampala akisikia Nakasongola anafikiria jangwa. Hapana, mvua tunapata misimu miwili, ila haina adabu, leo inamwaga kwa hasira, alafu inapotea wiki tatu.

Cha kwanza kuondoka ilikuwa miti. Kampala inapikia makaa, hata wenye gesi jikoni bado wana sigiri nyuma ya nyumba kwa ajili ya maharage na matoke, na makaa mazuri ni ya mti mzito kama mgunga. Wachoma makaa walikuja na panga na shoka, wakanunua mti uliosimama kwa bei ya kutupa, wakakata, wakafukia tanuri kwa udongo, wiki moja mbili moshi unatoka, alafu lori linakuja usiku. Sikiliza, karibu kila mtu aliuza. Yule mzee jirani aliuza upande wake akalipa karo ya watoto, mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, aliuza, hata mchungaji wa kanisa aliuza kipande cha nyuma. Pesa ilikuwa nzuri na mtu hakujiona anaharibu, alijiona anasafisha shamba.

Na kweli likasafishika, ndo ubaya wenyewe. Shamba likishakosa miti na visiki vikang'olewa, trekta linapita. Ndipo bei ya mahindi ikapanda, wanunuzi wanatoka Kenya na Sudan Kusini na malori yao, na watu wa Kampala wakaanza kuja kukodi ekari kwa msimu. Hawa tunawaita wakulima wa simu. Analipa kodi, analipa trekta, anamwachia kijana mmoja shamba zima, alafu yeye yuko Kampala anapiga simu kuuliza, vipi, yameota? Trekta linalokuja lina plau la diski, linapindua udongo juu chini na kuusaga mpaka unakuwa unga, tena dereva analipwa kwa ekari kwa hiyo anakata moja kwa moja kufuata mteremko maana ndo haraka, hana habari na kukingama. Siku trekta la kwanza linaingia kwetu yule mzee jirani alikuja kusimama pembeni na fimbo yake begani, akamwuliza Mzee wangu swali moja tu, "Afande, sasa ng'ombe watapita wapi kwenda kunywa?" Hakuwa na hotuba ya mazingira, alikuwa anauliza njia.

Misimu ya kwanza mahindi yalikubali kweli kweli. Udongo wa nyasi una akiba ya miaka mingi ndani yake, ukiupindua mara ya kwanza unakupa kila kitu. Mtu anavuna, anaezeka mabati, ananunua bodaboda, anaongeza ekari. Huwezi kumwambia mtu wa hivyo asimame.

Mimi niligundua kwenye nguzo za fensi. Mzee alipozungusha seng'enge alipaka nguzo zote oili chafu ya gari sehemu ya chini, ile inayofukiwa, ili mchwa wasile. Oili ilipakwa mpaka usawa wa ardhi na sio juu zaidi, alikuwa mtu wa jeshi, mstari umenyooka. Sasa nikawa natembea na fensi ya upande wa mteremko nikaona sehemu nyeusi imetoka nje. Nikapima kwa mkono, kiganja kizima na zaidi kidogo, kila nguzo. Nguzo haikupanda juu jamani, ardhi ndo imeshuka. Na yale mashina ya nyasi yaliyobaki pembeni ya fensi, pale plau halikufika lakini ng'ombe walibana, kila shina limesimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo na mizizi iko nje inaning'inia, kwa sababu udongo wa katikati umeondoka na ule uliobaki ni ule tu ulioshikwa na mizizi. Ukishaliona hilo mara moja utaliona kila mahali, hata ukiwa ndani ya basi.

Huo udongo ulikwenda wapi? Bondeni. Kulikuwa na bwawa la kunyweshea lililochimbwa pale chini, kazi nzuri tu, lilikuwa linashika maji mpaka Februari. Baada ya mteremko kulimwa likaanza kujaa tope, ng'ombe wakiingia kunywa wanazama mpaka tumboni, na mwishowe likawa linakauka Desemba. Watu wakasema ni ukame. Mvua ilinyesha, ilishuka yote kwa pamoja na udongo ikakuta shimo limejaa.

Siku moja kijana wetu alikuwa anabisha, anasema mama acha, udongo ni udongo. Nikachukua jagi la maji nikamwaga pole pole kwenye kipara, sehemu isiyo na nyasi. Yakakimbia. Yalitambaa juu yakafika kwenye viatu vyetu na pale yalipopita chini bado pakavu, ukikwangua na kucha unakuta vumbi. Nikajaza jagi lile lile nikamwaga kwenye nyasi chini ya mkwaju uliobaki, hatua chache tu kutoka pale. Yaliingia hapo hapo. Sababu sio uchawi. Majani yanavunja nguvu ya tone la mvua, mizizi na majani yaliyooza yanaufanya udongo uwe na vitundu vya kunywea. Ukiondoa nyasi tone linapiga udongo uchi, zile chembe laini zinaziba vitundu, jua likitoka juu pamejifanya gamba gumu kama sakafu ya simenti. Mvua inayofuata hata ikiwa kubwa inateleza tu. Kwa hiyo mtu wa hali ya hewa atakwambia milimita zimetimia na mkulima atakwambia hakuna mvua, na wote wawili wanasema kweli.

Alafu mchwa. Nakasongola inajulikana kwa mchwa, watu wanaapa kwamba mchwa ndo wamemaliza malisho. Mchwa walikuwepo siku zote, vichuguu vile vina umri kuliko babu zetu. Lakini zamani walikuwa na chakula chao, matawi makavu, majani yaliyoanguka, mavi ya ng'ombe. Miti imekwenda makaa, mabua yamechomwa shambani, nyasi kavu zimeliwa zote, sasa mchwa ale nini? Anakula jani bichi, anakata shina mpaka chini, kinabaki kipara, na kipara kinaongezeka kila kiangazi. Sisi ndo tuliompokonya sahani.

Habari za Marekani nilizisoma kwenye simu wakati natafuta mbegu za nyasi, nikajikuta nimesoma usiku kucha. Kule katikati kuna tambarare kubwa inaitwa Great Plains, na upande wake mkavu, magharibi mwa Kansas na Oklahoma, kaskazini mwa Texas, vipande vya Colorado na New Mexico, ulikuwa nyasi fupi tupu, mizizi imesukana, na nyati wa kule wanahamahama juu yake na wenyeji kama Wakomanche wanawafuata. Mwishoni mwa karne ya 19 nyati walikuwa wameuawa karibu wote, wenyeji wamesukumiwa kwenye maeneo ya kutengewa, ardhi inagawiwa walowezi. Sheria ya 1862 ilimpa mtu ekari 160, ya 1909 ikapandisha mpaka 320 kwa sehemu kavu. Na kulikuwa na usemi wao maarufu kwamba mvua hufuata plau, yaani wewe lima tu, mvua itakuja yenyewe. Nilicheka. Na sisi tuna ya kwetu, za redioni.

Ikaja vita ya kwanza ya dunia, Ulaya haina ngano, serikali ya Marekani ikahakikisha bei ya zaidi ya dola 2 kwa busheli, kipimo chao cha nafaka, na mvua miaka ile ikawa nzuri. Kila mtu akalima. Vita ikaisha, bei ikashuka, lakini watu wameshakopa matrekta, kwa hiyo wakafanya kile kile angefanya jirani yangu yeyote, wakalima zaidi ili wingi ufidie bei. Kati ya 1925 na 1930 zaidi ya ekari milioni 5 za nyasi zilipinduliwa kwenye hizo tambarare za kusini. Walikuwa wanatumia plau la diski pia, lile linaloacha udongo umesagika, na mabua wanachoma. Mpaka na wale wa mjini walikuwepo, watu wanakuja na begi mkononi, wanalima, wanapanda, wanaondoka, wanarudi siku ya kuvuna. Wakulima wa simu kabla simu ya mkononi haijazaliwa! Hapo nilisimama nikaenda kuchemsha chai.

Mwaka 1931 ngano ikajaa mpaka bei ikaanguka chini ya senti 50, wengi wakayaacha mashamba wazi, hayana nyasi hayana ngano. Na mwaka huo huo mvua ikaanza kukatika. Upepo kule hauna kizuizi. Mei 1934 vumbi la mashamba yao lilisafiri mpaka New York na Washington, likaangukia mpaka meli zilizoko baharini. Tarehe 14 Aprili 1935, Jumapili, lilikuja wingu la vumbi jeusi likageuza mchana kuwa usiku, mpaka leo wanaiita Jumapili Nyeusi. Watu walikufa kwa nimonia ya vumbi, ng'ombe waliokufa walipasuliwa matumbo wakakutwa na mchanga, na ikifika 1940 watu kama milioni 2 na nusu walikuwa wameshahama yale majimbo ya tambarare. Ukame ulishawapiga miaka ya 1890 na wengi wakakimbia, lakini wakati ule plau lilikuwa bado halijamaliza nyasi, vumbi halikufika popote pa namna hiyo. Kwa hiyo nikaweka miaka yao pembeni ya miaka yetu. Madhara yalionekana miaka ya 1930, kazi ya kuharibu ilishafanyika 1917, 1925, 1929, kwenye mvua na bei nzuri, watu wakinunua magari.

Warusi nao walirudia somo lile lile kana kwamba hawakusikia. Khrushchev, kiongozi wao, mwaka 1954 akaanzisha kampeni ya kulima nyika za Kazakhstan na Siberia, 1956 mavuno yakawa ya kihistoria watu wakapewa nishani, miaka ya mwanzo ya 1960 vumbi likaanza kupaa, na 1963 nchi ile kubwa ikaenda kununua ngano nje.

Sasa hapa ndo nataka watu wa mazingira wanisikilize vizuri, maana wakishasoma habari kama hizi wengi wanaruka moja kwa moja kwenye "ng'ombe wamezidi, wafugaji wapunguze." Wakoloni walifanya hivyo hivyo. Miaka ya 1930 maafisa wa Kiingereza huku Afrika Mashariki walisoma habari za vumbi la Marekani wakaingiwa hofu, wakatazama milima ya Ukambani kule Kenya wakasema tatizo ni ng'ombe, na 1938 wakaanza kuwachukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini. Wakamba wakatembea mpaka Nairobi, maelfu, wanaume kwa wanawake, wakakaa huko wiki nyingi wakimtaka gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini ule mpango wa kunyang'anya ng'ombe ulivunjika. Hakuna aliyewauliza wale maafisa kwamba Wakamba walibanwaje kwenye vilima vile, ardhi nzuri ya malisho amechukua nani.

Kwetu ni hivyo hivyo. Ng'ombe wa Ankole ameishi na nyasi hizi karne na karne na nyasi zikabaki. Ng'ombe anakula, anakanyaga, anaacha samadi, anaondoka, nyasi zinapumzika. Kilichobadilika ni hapo kwenye kuondoka. Ardhi ikakatwa vipande, kila mtu na seng'enge yake, kila mtu na hati yake au kibanja chake, ile njia ya kwenda majini ikalimwa, ng'ombe wakabaki pale pale mwaka mzima wakirudia shina lile lile kila linapochipua mpaka mzizi unachoka. Ongeza karantini. Ukiingia ugonjwa wa miguu na midomo soko la ng'ombe linafungwa, miezi inapita, mfugaji hata akitaka kupunguza hawezi, hawezi kuuza, hawezi kuhamisha, ng'ombe wanazaa ndani ya fensi na kiangazi kinakuja. Huyo unamwambia apunguze ng'ombe, awapeleke wapi?

Rafiki zake Mzee waliokaa Karamoja wakati wa kukusanya bunduki, kuanzia 2006 hivi, walikuwa wakisimulia jinsi ng'ombe walivyowekwa karibu na kambi za jeshi ili wasiibiwe. Nia ilikuwa nzuri, wizi wa mifugo ulikuwa unaua watu. Lakini ng'ombe wa vijiji vingi wakilala sehemu moja na kuchungwa pale pale karibu, nyasi zinakwisha pande zote na magonjwa yanaambukizana. Askari mwenyewe ndo alikuwa anasema, hata hakuwa mfugaji, alikuwa mtu wa Busia, lakini aliona kwa macho yake ardhi inakuwa nyekundu kila wiki.

Marekani walirudishaje? Sio kwa maombi tu. Walikuwa na bwana mmoja, Hugh Hammond Bennett, mtaalamu wa udongo aliyepiga kelele miaka mingi kabla vumbi halijafika Washington, na tarehe 27 Aprili 1935, siku chache baada ya ile Jumapili, ikapitishwa sheria ya kuhifadhi udongo na yeye akapewa idara yake. Wakulima walilipwa wafanye mambo mapya, kulima kwa kukingama mteremko, kuacha mabua juu ya ardhi, kupumzisha. Walipanda miti zaidi ya milioni 200 ya kukata upepo kutoka Dakota Kaskazini mpaka Texas. Na lile linalonigusa zaidi, serikali ilinunua mashamba yaliyokufa kabisa ikayarudishia nyasi, mengine hayajalimwa tena mpaka leo, kama Cimarron kule Kansas, ni nyasi za taifa. Yaani walikubali kwamba kuna ardhi kazi yake ni nyasi. Sisi huku afisa akiona nyasi anaandika "ardhi haijatumika", na mwekezaji anaelekezwa hapo.

Na serikali yetu imejaribu, mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa kule kaskazini, Acholi, Lango na West Nile. Sawa, lakini Kampala haikuacha kupika siku ile, na shoka likizuiwa Gulu linatafuta kwingine. Siendelei na hilo maana nitakasirika.

Kwangu kilichofanya kazi kilikuwa cha ajabu kidogo kukieleza kwa mtu wa mjini, ng'ombe wale wale. Watafiti walishajaribu hapa Nakasongola, kulaza ng'ombe usiku juu ya vipara, na walipolaza nyasi zilirudi. Nilipomwambia mzee jirani akanitazama, "Binti yangu, kwani hukujua? Boma la zamani ndo linakuwaga na nyasi nzuri kuliko kote." Alijua siku zote, hakuna aliyemwuliza. Basi tukaelewana na wanae, ng'ombe wao wanalala upande wangu, tunazungusha matawi ya miiba na nguzo chache juu ya kipara, wakikaa wiki kadhaa tunahamisha boma mbele. Kwato zinavunja lile gamba, samadi na mkojo vinaingia, na mchwa wanakwenda kula samadi wanaacha miche ipumue. Ukihamisha boma kabla ya mvua unatupia mbegu za nyasi, unaweka matawi juu mbuzi wasiingie.

Msimu wa kwanza yaliota magugu, na jirani mwingine akanicheka kwamba nimelima mchicha wa ng'ombe. Baadaye lumbugu ikaanza kutambaa kutoka pembeni, alafu nyasi zenyewe. Sio kote. Sehemu ya juu kabisa ambako udongo mweusi ulishaondoka na umebaki ule mwekundu wa changarawe, pale pamekataa mpaka leo, tumelaza ng'ombe tumeondoa tumerudisha, panaota vishina viwili vitatu alafu basi. Nadhani pale hatutapaona tena pakiwa vizuri mimi nikiwa hai. Visiki vya migunga tunaviacha vichipue, tunachagua chipukizi moja mbili zilizonyooka, nyingine tunapunguza kwa kuni.

Na vituko havikosi. Kuna mwaka tumelaza ng'ombe vizuri, samadi imejaa, tunarudi asubuhi tunakuta imezolewa, mtu amejaza magunia usiku akauza kwa wenye kahawa huko Luweero. Samadi inaibiwa siku hizi! Tukalipeleka kwa LC, mwenyekiti akauliza serial namba ya samadi ni ipi. Tulicheka wote lakini nilikuwa na hasira. Sasa kijana wa boma analala pale pale mpaka siku ya mvua.

Shida yenyewe haijaisha, na ndo maana naandika leo na sio mwakani. Mahindi yamepanda bei tena. Kuna trekta tatu zinazunguka kijijini na wakulima wa simu wameshaanza kupiga, mmoja alinipa bei ya kodi kwa ekari ambayo Mzee wangu angefikiri ni utani, anataka bonde lote na ule mteremko wa fensi, pale pale nyasi zimeanza kufika magotini. Ndugu zangu mjini wamesikia, sijui nani kawaambia, wananiambia dada chukua pesa, nyasi zitaota tena. Dereva wa trekta naye amekuja mwenyewe mpaka nyumbani. Nimemwambia alime zile ekari nne za tambarare nyuma ya nyumba, na alime kukingama, nikasimama nimemshikia kamba ya kupimia, akalalamika kwamba anapoteza dizeli kwenye kona, nikamwongezea kidogo juu ya bei. Bonde nimekataa. Kikao cha familia ni Jumamosi, na wao ni wengi kuliko mimi, kwa hiyo nimewaambia wasije na mwanasheria tu, waje na viatu vya kutembelea, tutaanzia kwenye zile nguzo.